Siku ya 28: kisa cha injinia aliyepewa umeneja Tabora

Tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, injinia ninayemzungumzia alikuwa ndani ya mtaro kule Ipuli, maji ya mvua yakimfika magotini. Alikuwa ameshikilia bomba la plastiki la milimita 250 huku kijana mwingine akikaza vibano vya mashine ya kuchomelea. Kwa siku nane mfululizo hakuwa amelala vizuri. Simu yake ilikuwa kwenye gari, inaita mpaka inakata. Siku hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake kuandika barua ya ukurasa mmoja ambayo ingeiokolea kampuni yake shilingi milioni 43.7. Hakuiandika. Hakujua hata kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo.

Mwenyewe ameniruhusu nikiandike kisa hiki kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala kampuni. Nitamwita Injinia, kama anavyoitwa na vibarua, mama lishe na bodaboda wote wanaomfahamu. Nilikuwa mlezi wake kazini katika ile miaka mitatu ya mpango wa SEAP, ambao Bodi ya Usajili wa Wahandisi huuendesha ili mhitimu wa chuo ajifunze kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kuomba kuwa Mhandisi Mtaalamu. Kitabu chake cha kumbukumbu nilikisaini mimi, mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo ninapouliza alikosea wapi, sehemu ya swali inanihusu na mimi.

Kwanza tuelewe kwa nini kijana wa miaka 31 alijikuta meneja wa mradi. Tabora kwa miaka mingi ilitegemea bwawa la Igombe, na kila aliyekulia Ng'ambo au Cheyo anakumbuka foleni za ndoo za mwezi wa tisa na wa kumi. Kisha likaja bomba la Ziwa Victoria, kupitia mradi wa Tabora, Nzega na Igunga uliojengwa kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka India. Maji yanatoka Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafiri mamia ya kilomita hadi kwetu. Lakini bomba kuu likifika mjini bado halijamfikia mtu. Kinachobaki ni mitandao ya kusambaza maji mitaani, kazi za bilioni moja au mbili, ambazo wakandarasi wa hapahapa nchini wanaziweza. Wakati huohuo reli ya kisasa inajengwa: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na kipande cha kilomita 506 cha Tabora hadi Kigoma ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Reli inalipa vizuri kuliko mabomba. Mameneja wenye uzoefu wanahama, na viti vyao vinabaki kwa vijana waliokuwa wasaidizi wao.

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Meneja wa mradi aliaga Ijumaa moja ya mwezi Julai. Jumamosi mkurugenzi akampigia Injinia simu: "Kuanzia Jumatatu wewe ndiye meneja. Kazi unaijua." Mshahara ukapanda. Barua haikuandikwa. Mradi ulikuwa wa kilomita 14.2 za mabomba, wa shilingi bilioni 1.9, na mkataba wake ulifuata masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile kitabu chekundu ambacho wahandisi wengi tunakijua kwa rangi kuliko kwa vifungu.

Kazi kweli aliijua. Miaka minne alikuwa mhandisi wa saiti, na katika kuchomelea mabomba ya HDPE, yaani haya ya plastiki ngumu, sijaona mkono uliotulia kama wake. Nieleze kidogo kazi hiyo, kwa sababu kisa chote kimejificha humo.

Mabomba haya huja kwa vipande vya mita 12. Ncha mbili hufungwa kwenye mashine, zinachongwa mpaka ziwe sawasawa, kisha zinabanwa kwenye pleti ya moto wa nyuzi 200 na kitu mpaka uvimbe mdogo utokee pande zote. Pleti inatolewa haraka, ncha zinasukumwa zikutane, na zinaachwa palepale zikiwa zimebanwa mpaka zipoe. Hapo kwenye kupoa ndipo pagumu, kwa sababu ni wakati ambao hakuna mtu anayefanya kitu. Bomba la milimita 250 lenye ukuta wa milimita 14.8, kama lile la Ipuli, linahitaji takribani dakika 20 za kupoa likiwa bado kwenye vibano. Ukilifungua baada ya dakika tano litaonekana limeshika. Litabebwa, litalazwa, litafukiwa. Kwa macho huwezi kulitofautisha na lililopoa vizuri. Presha ndiyo itakayolitofautisha.

Mwezi Septemba Injinia aliona mradi umechelewa, naye akafanya jambo ambalo meneja yeyote mgeni angelifanya: akaweka lengo. Mita 180 kwa siku kwa gengi la Ipuli, na kila gengi litakalofikia lipate nyongeza ya posho Jumamosi. Vijana walishangilia. Wiki ya kwanza walifika 150, ya pili wakafika 180, ya tatu wakavuka. Ripoti zake za wiki zilipendeza, na mkurugenzi alizituma kwenye kundi la WhatsApp la kampuni akiweka alama za makofi.

Sasa tupige hesabu ambayo hakuna aliyeipiga. Mita 180 ni jointi 15, yaani maungio 15 ya bomba na bomba. Jointi moja, ukihesabu kufunga, kuchonga, kupasha moto na kupoza, inachukua kama dakika 50. Mara 15, hizo ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Gengi lilikuwa na mashine moja na siku ya kazi ya saa tisa. Haiwezekani. Lakini ukipunguza kupoa kutoka dakika 20 hadi tano, unaokoa dakika 225, na kazi inaisha kwa saa nane na dakika 45. Inaingia vizuri kabisa kwenye siku. Wale vijana hawakuwa wahuni. Lengo lenyewe lilikuwa limekwisha kuwaagiza wafungue vibano mapema, ingawa aliyeliweka angekuwa wa kwanza kukasirika kama angewaona wakifanya hivyo.

Kulikuwa na mtu aliyeliona. Fomeni wa Ipuli ni mzee anayekaribia miaka 60, amelaza mabomba tangu enzi za chuma. Katikati ya Septemba alimfuata Injinia kwenye gari, akainama dirishani, akasema: "Injinia, vijana siku hizi wanakimbia sana."

Injinia akajibu: "Kweli mzee. Tuwaongezee posho."

Mzee akasema, "Haya mwanangu," akarudi mtaroni.

Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote lingine katika kisa hiki. Aliyekulia kwetu anajua mzee anapotumia maneno "wanakimbia sana" hasifii mbio. Ametoa onyo, ila amelifunika, kwa sababu anayeambiwa ni bosi wake na pia ni mtoto wake kiumri, na hataki kumvunjia heshima mbele ya dereva. Injinia si mgeni wa lugha hiyo, ni mtoto wa Tabora. Angeambiwa hivyo nyumbani na mjomba wake, angeelewa kabla sentensi haijaisha. Saiti aliisikia kama taarifa ya maendeleo, kwa sababu masikio yake wakati ule yalikuwa yakisikiliza mita.

Kuna na upande wa pili wa heshima hiyo. Kila asubuhi saa moja alikuwa anamwambia mzee "Shikamoo," naye anaitikia "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Saa tatu unamwambiaje mzee huyohuyo kwamba kazi aliyoisimamia haifai, ikatwe? Injinia aliniambia kwamba mara mbili aliona uvimbe wa jointi usio sawa, akanyamaza, akaingia mtaroni jioni mzee akiwa ameshaondoka, akairudia mwenyewe. Mimi naona hapo ndipo kisa kilipoanzia, wiki kadhaa kabla ya lile lengo la mita 180. Alikuwa na cheo cha meneja, na jambo gumu la kwanza la umeneja alilitatua kwa mikono yake, gizani, ili asimwambie mtu neno.

Tarehe 3 Novemba walijaza maji kipande cha kilomita 1.8 cha Ipuli, jointi 150, wakapandisha presha hadi bar 9. Bomba la plastiki likijazwa presha hutanuka kidogo, kwa hiyo mshale kushuka mwanzoni ni kawaida, unaongezewa maji unatulia. Huu haukutulia. Ndani ya dakika 20 ulikuwa kwenye nne. Waliongeza, ukashuka tena. Mara ya tatu ukasikika mlio kama mti unaovunjika, na maji yakaanza kuchemka kutoka kwenye kifusi jirani na mwembe mmoja mkubwa.

Kuanzia hapo Injinia alihamia mtaroni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, ardhi yote imelowa, kwa hiyo hata mbinu ya kawaida ya kutembea juu ya njia ya bomba ukitafuta unyevu haikufaa kitu. Walifukua, wakakata, wakachomelea upya, wakafukia, wakapima. Walipozikata zile jointi mbovu, zilikuwa zimeachana kwenye mstari ulionyooka, uso laini kama sahani, bila ile mikwaruzo ya plastiki iliyoshikana sawasawa. Zilikuwa ni baadhi tu ya zile 150, lakini zipi? Hakuna jointi iliyokuwa na namba. Hakuna aliyeandika ipi ilichomewa lini, saa ngapi, na nani. Kama kungekuwa na daftari wangejua mara moja kwamba kosa linaanzia wiki ya lengo, wangezikata zote za wiki zile na kuziacha nyingine. Badala yake walizitafuta moja baada ya nyingine kwa siku kumi, na zote 11 walizozipata zilipita mikononi mwa Injinia mwenyewe.

Nilimtembelea siku ya tano. Alikuwa na furaha, na nataka msomaji alielewe hilo vizuri. Amechoka, ana matope mpaka kwenye nyusi, ana furaha. Miezi minne alikuwa ofisini hana uhakika na chochote: karatasi, vikao, simu za mkurugenzi. Sasa amerudi mahali ambapo akifanya jambo anaona limefanyika. Nilimpongeza kwa kujituma. Nilipaswa kumuuliza nani yuko ofisini.

Ofisini hapakuwa na mtu. Kwa zile siku kumi, haya ndiyo yaliyokuwa yakiendelea bila yeye.

Gengi la pili, upande wa Malolo, lilikosa tii, vile viungo vya kugawa njia ya bomba, na vali. Vilikuwepo stoo, nusu kilomita kutoka kwao. Mtunza stoo hakutoa kwa sababu kila hati ilitakiwa sahihi ya meneja, na meneja hapokei simu. Watu 22 walikaa kivulini siku sita.

Vibarua walitakiwa kulipwa tarehe 31 Oktoba. Orodha ya malipo ilikuwa mezani inamsubiri aihakiki. Tarehe 8, mama lishe aliyekuwa akiwakopesha ugali na maharage aliwaambia kwa upole kabisa kwamba na yeye anadaiwa unga. Tarehe 10 walisimamisha kazi, pamoja na wale wa Ipuli waliokuwa wakifukua naye. Tarehe 11 alibaki na kijana mmoja na mzee.

Hati ya madai ya mwezi Oktoba, ambayo angeipeleka kwa mhandisi mshauri tarehe 3, aliipeleka tarehe 21. Kwa masharti yale, mshauri ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo, na mwajiri, yaani mwenye mradi, ana siku 56 za kulipa tangu mshauri alipopokea hati. Hesabu mwenyewe: pesa ambayo ingeweza kuingia kufikia Desemba 29 ilisogea mpaka Januari 16. Kwa mtu wa ofisini ni tofauti ya siku 18. Kwa fomeni mwenye watoto wawili sekondari ni shule kufunguliwa kabla ya hela kufika.

Kisha ile barua.

Kipande cha Malolo, kama kilomita moja na nusu, kilikuwa kikabidhiwe kwa mkandarasi tarehe 14 Oktoba. Hakikukabidhiwa, kwa kuwa fidia ya miembe na kuta za watu kadhaa njiani haikuwa imelipwa. Wenye viwanja walikataa kuchimbiwa, na walikuwa na haki. Njia ilifunguka Novemba 6, siku 23 baadaye. Kosa hilo halikuwa la mkandarasi hata kidogo. Kifungu cha 2.1 kinasema mwajiri akichelewa kukabidhi eneo, mkandarasi anastahili kuongezewa muda na kulipwa gharama. Lakini kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tatizo, au tangu alipopaswa kulijua. Zikipita, muda hauongezwi na pesa hailipwi, hata kama haki yako iko wazi kama jua la mchana. Toleo la mwaka 2017 limepanga upya vifungu vingi, lakini siku 28 limeziacha.

Oktoba 14 ukiongeza siku 28 unapata Novemba 11. Mradi uliisha siku 31 baada ya tarehe ya mkataba. Kwa barua ile, zingekuwa nane. Tozo ya ucheleweshaji ilikuwa asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani milioni 1.9. Siku 23 mara milioni 1.9 ndiyo milioni 43.7 niliyoitaja mwanzo. Jointi 11 alizozirudia kwa mikono yake, ukiweka mafuta, vibarua na mabomba, hazikufika hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Mkurugenzi alipoiona hesabu alitaka kumrudisha kuwa mhandisi wa saiti. Injinia naye alikuwa tayari kurudi. Alinijia nyumbani Jumapili na barua ameshaiandika, akisema: "Mzee wangu, mimi ni mtu wa saiti. Umeneja si kipaji changu."

Hapo hatukukubaliana, na bado sikubaliani naye. Sijawahi kuona ushahidi kwamba hana kipaji cha umeneja. Nilichokiona ni kwamba kazi hiyo hakuwahi kupewa. Alipewa cheo, mshahara na lawama, huku sahihi zote zikibaki zimefungwa kwake, mtu mmoja, bila maandishi yanayosema nani anaweza kuamua nini asipokuwepo. Kampuni ilimpandisha kwa sababu ya mikono yake, halafu ikashangaa alipoitumia. Na mimi niliyemlea miaka mitatu nilimfundisha kusoma mchoro, kupima zege na kuukataa mchanga mchafu. Kitabu chake cha kumbukumbu kimejaa alichokifanya yeye. Sikuwahi kumpa mkataba nikamwambia atafute humo tarehe ambazo zikipita tumeumia. Nilidhani hayo atayajua akifika. Wengi wetu tunaolea wahandisi vijana tunadhani hivyo.

Vijana huniuliza kama wasome shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi, au wafanye mtihani wa PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Wasome, sina pingamizi, na FIDIC isomeke kabla ya yote hayo. Ila hata PMP yenyewe inamtaka mwenye digrii awe ameongoza miradi kwa miezi 36 kabla ya kuukalia mtihani. Huwezi kusubiri karatasi ikufundishe kuongoza, kwa sababu karatasi nayo inakusubiri uwe umeongoza. Katikati hapo kuna miaka mitatu, na ndiyo hii inayovunja watu.

Mimi ni mtu wa Kigoma kwa kuzaliwa, na Jumapili ile nilimsimulia habari ya Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kufungwa kwenye maboksi yapatayo 5,000. Ililetwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajenzi watatu wa meli kutoka kiwanda kile waliiunganisha upya Kigoma pamoja na mamia ya wafanyakazi, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata vita ilipowageukia, waliambiwa waizamishe. Walizipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha. Iliinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Watu watatu hawawezi kufunga ribiti za meli nzima. Kazi yao ilikuwa kwamba kila kipande kikifunguliwa, mtu mwingine ajue kinakaa wapi. Ile grisi waliipaka kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua. Injinia alinisikiliza akakaa kimya, kisha akauliza: "Hivi maboksi yalikuwa na namba?" Nikamwambia yangewezaje kukosa.

Barua yake ya kurudi saiti hakuipeleka. Alipeleka nyingine, akiomba miezi mitatu na maandishi. Mkurugenzi, kwa heshima yake, aliyatoa: meneja anaweza kukasimu sahihi ya stoo hadi kiasi fulani kwa fomeni wa kila gengi, na orodha ya malipo ikihakikiwa na karani wa saiti inalipwa hata meneja akiwa safarini.

Kwa mzee alikwenda mwenyewe, jioni, nyumbani kwake, si saiti. Alikaa kwenye kigoda, akaomba radhi kwa lile jibu la posho. Kisha akamwomba jambo moja: kuanzia kesho mwenye neno la mwisho juu ya jointi awe mzee, siyo meneja. Akisema ikatwe inakatwa, na meneja hana ruhusa ya kuiokoa. Mzee alicheka sana, akamwambia: "Mwanangu, ulikuwa unangoja nini?" Ile heshima iliyokuwa inamfunga mdomo Injinia sasa ikawa inafanya kazi upande wake, kwa sababu hakuna kijana wa gengi lile aliyethubutu kufungua kibano mbele ya mzee.

Lengo la mita likafutwa. Kila jointi ikaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye bomba: namba, saa ya kubana, saa ya kufungua, herufi mbili za jina la aliyechomelea. Mzee akayanakili kwenye daftari la shule la kurasa 96. Walirudi mita 110 kwa siku. Ukutani ofisini Injinia alibandika kalenda moja kubwa, na kwa kalamu nyekundu akaandika siku za 28 na za 56 za kila jambo lililokuwa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa saiti saa mbili asubuhi hadi saa nne, basi. Aliniambia wiki mbili za kwanza mikono ilimuwasha.

Sitaki nionekane nasema kila kitu kilipona. Tozo ililipwa yote. Kijana mmoja wa gengi la Malolo, fundi mzuri, aliondoka wakati wa zile siku sita za kivulini na hakurudi. Na mkurugenzi bado hupiga simu saiti moja kwa moja akitaka mita za leo.

Kipande cha Malolo kilipimwa mwezi Februari. Injinia hakuwepo, alikuwa kwenye kikao cha mhandisi mshauri akitetea hati ya madai. Mzee alipandisha presha na vijana wake, akaacha bomba litanuke, akaongezea maji, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiitazama geji kwa muda wote uliotakiwa. Kisha akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Injinia, mshale umelala. Endelea na kikao."

Mwezi uliopita kampuni nyingine imemwita kwa kazi upande wa Urambo, njia ya kwenda Kigoma, mradi mkubwa mara tatu ya ule. Kabla ya kuzungumza mshahara aliwaomba barua inayoonyesha meneja anaamua nini, anakasimu nini, na kwa kiasi gani. Waliomba wiki moja wafikirie. Barua ilikuja, kurasa mbili. Anaripoti tarehe 1. Amemwomba mzee waende wote, na mzee amesema atajibu akimaliza kuvuna karanga.